Siku moja tu Osaka: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali nayajibu karibu kila wiki kwenye simu. Kuna wanafunzi wa skolashipu walioko Tokyo au Hiroshima wanaotaka wikendi moja ya kutembea, kuna wafanyabiashara wa magari wanaomaliza kazi Kobe wakabaki na siku moja kabla ya ndege, kuna na wale wanaopitia tu. Nimeishi mitaa hii miaka kadhaa na huu mji naupenda sana, kwa hiyo mtaona kabisa nina upande. Saa zote nimeandika kwa hesabu ya kwetu, yaani saa 3 asubuhi ndo ile ambayo bango lao linaandika 9:00. Bei ni za yeni na zinapanda kila baada ya muda, zichukue kama za kukadiria.

## Kabla hujatoka

1. Siku moja inatosha kweli?

Inatosha ukikubali kuacha vitu. Katikati ya Osaka ni padogo kuliko watu wanavyodhani: kaskazini kuna Umeda, kusini kuna Namba, na kati yao ni kama kilomita 4 hivi, treni ya laini nyekundu inayoitwa Midosuji inakatiza moja kwa moja kwa dakika zisizofika 10. Tatizo naloliona kila mara ni mtu anakuja na orodha ya sehemu 12 halafu siku yote anaishia chini ya ardhi akibadilisha treni, jioni ukimuuliza ameona nini anakuonyesha picha za stesheni.

Chagua sehemu nne au tano zilizo upande mmoja, utembee kwa miguu kati yake, na uache nafasi tumboni. Universal Studios, ile bustani ya burudani, iondoe kabisa kwenye hesabu ya siku hii, ile inameza siku nzima peke yake.

2. Kwa nini Osaka, mbona kila mtu anasema Tokyo au Kyoto?

Kyoto ni mahekalu na utulivu, Tokyo ni kubwa mno kwa siku moja. Osaka ni mji wa wafanyabiashara. Enzi za utawala wa ukoo wa Tokugawa mchele wa nchi nzima ulikuwa unaletwa kwenye maghala ya hapa, mpaka mji ukaitwa jiko la nchi, na mwaka 1730 serikali ikaruhusu rasmi soko la mchele la Dojima ambapo watu walikuwa wananunuliana mchele ambao hata haujafika. Tabia ya sokoni imebaki kwa watu. Wanaongea kwa sauti, wanatania, muuzaji anakuita, mama mtu mzima anaweza akakupa pipi kwenye treni bila kukujua. Wana neno lao, kuidaore, maana yake kula mpaka ufilisike, na wanalitamka kwa fahari. Mtu aliyezoea Kariakoo au Marikiti atajiona amefika sehemu anayoielewa, hata kama hajui neno moja la Kijapani.

3. Naunganisha ndege hapo Kansai masaa 10, naweza kutoka nikazunguka?

Kama una viza ndio, kama huna usipange safari juu ya matumaini. Pasi za Tanzania, Kenya na Uganda zote zinahitaji viza ya Japani, unaomba ubalozini kabla (Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali), na ndugu zetu walioko Oman au Emarati kwa kawaida wanaombea kule kule wanakoishi kwa kibali cha ukaazi. Ukishapata viza jaza taarifa zako kwenye Visit Japan Web ungali nyumbani, inakupa msimbo wa QR wa kuskani na foleni ya uhamiaji inakuwa nyepesi kidogo.

Masaa 10 ukitoa kuingia, kwenda, kurudi na kukaguliwa tena, yanabaki kama matano ya mji. Hapo fanya Namba tu (swali la 13), Ngome ya Osaka (swali la 11) iache.

4. Mwezi gani mzuri?

Mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Aprili ni maua ya cheri, bustani ya ngome inajaa rangi ya waridi na watu pia wanajaa. Mimi binafsi nampeleka mgeni Novemba: hewa kavu, majani mekundu, jua halichomi. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, alafu Julai na Agosti ni joto la kubana kifua, digrii 35 na unyevu juu yake. Watu wa Mombasa na Tanga wanacheka nikiwaambia hivo, wakifika wananitafuta kuuliza wapi kuna kiyoyozi, manake huku hakuna upepo wa bahari wa kukuokoa. Ila tarehe 24 na 25 Julai kuna Tenjin Matsuri, sikukuu ya mitumbwi na fataki mtoni, kwa hiyo joto hilo lina malipo yake.

Epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, na katikati ya Agosti. Wajapani wenyewe wako likizo, kila kitu kimejaa.

5. Niandae hela kiasi gani kwa siku?

Bila hoteli, yeni 8,000 hadi 10,000 unakula vizuri na unaingia sehemu za kulipia. Nauli yeni 800 hivi, ngome 1,200, kabati la mizigo kama 700, kinachobaki ni chakula. Anayebana matumizi anaweza kushuka hadi 4,000 kwa kula onigiri (matonge ya wali) za konbini (yale maduka madogo ya saa 24, kila kona lipo) na kuona ngome kwa nje.

Kadi zinapokelewa sehemu nyingi lakini vibanda vya chakula na vihoteli vya wazee bado wanataka noti. Shilingi zetu usitegemee kuzibadilisha huku, beba dola, au tumia ATM za 7-Eleven ambazo zinakubali kadi za nje.

## Usafiri

6. Kutoka eapoti ya Kansai kwenda mjini nipande nini?

Kama unafikia Namba panda treni ya kampuni ya Nankai, ile ya kawaida ya haraka ni chini kidogo ya yeni 1,000 na inachukua kama dakika 45. Kuna ya kifahari inaitwa Rapi:t, ya bluu, imetengenezwa kama kofia ya chuma ya mpiganaji, inawahi kwa dakika chache tu na unalipa zaidi. Kama unafikia Umeda panda treni ya kampuni ya JR. Teksi sahau, bei yake itakula bajeti ya siku nzima.

Kitu kimoja cha kujua, hii eapoti iko juu ya kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, ilifunguliwa 1994, na imeunganishwa na nchi kavu kwa daraja moja. Upepo ukizidi treni zinasimama. Septemba 2018 kimbunga Jebi kilisukuma meli ikagonga daraja na maelfu ya abiria wakakwama kisiwani usiku kucha. Kwa hiyo ukiwa na ndege Agosti au Septemba fuatilia taarifa za hali ya hewa, na siku ya kuondoka usikate muda karibu karibu.

7. Ninunue pasi ya siku, kadi ya ICOCA, au tiketi moja moja?

Nauli ya chini ya metro ni yeni 190. Pasi ya siku ya Osaka Metro ni 820 siku za kazi na 620 Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Fanya hesabu: wikendi ukipanda mara tatu nne imejilipa, siku ya kazi mpaka upande mara nne au tano. Inauzwa kwenye mashine pale pale stesheni. Haifanyi kazi JR, Nankai, Hankyu wala Kintetsu, na hapo ndo watu wengi wanakwama getini, manake treni za huku ni za kampuni tofauti tofauti ingawa stesheni zina jina moja.

ICOCA ni kadi ya kujaza hela, unalipa 2,000, ndani kuna 1,500 na 500 ni dhamana unarudishiwa ukiirudisha. Inafanya kazi kwenye treni karibu zote na hata kununulia maji. Kama utakaa Japani siku zaidi ya moja chukua hii. Pia kuna Amazing Pass, ya zaidi ya yeni 3,000, inayojumlisha metro na viingilio vingi, ila inamlipa mtu anayekimbia kimbia tu, na kwenye swali la kwanza nimeshasema kukimbia kunaharibu siku.

8. Adabu za kwenye treni ni zipi?

Simu usiongelee ndani ya behewa, hili ndo kubwa kuliko yote. Begi la mgongoni lihamishie mbele. Kwenye eskaleta Osaka tunasimama upande wa kulia, Tokyo wanasimama kushoto, na ukisimama kushoto hapa utajua umekosea. Akina dada, laini ya Midosuji ina behewa la wanawake peke yao siku za kazi, lina alama ya rangi ya waridi chini pale unapopangia foleni. Akina baba angalieni hiyo alama kabla ya kuruka ndani.

9. Mizigo niweke wapi?

Makabati ya sarafu yapo stesheni zote kubwa, Namba ndo yako mengi, dogo linaanzia kama yeni 400 na la sanduku kubwa linapita 800. Yanajaa mapema, fika kabla ya saa 4 asubuhi. Piga picha namba na kona ulipoliacha, stesheni ya Namba ina matawi mengi na nimeshazunguka na mgeni saa nzima tunatafuta kabati.

## Siku yenyewe

10. Nipe mpangilio wa siku nzima basi.

Huu ndo ninaowapitisha wageni wangu. Anza Namba, panda Midosuji mpaka Hommachi, badili laini ya Chuo mpaka Tanimachi 4-chome, toka uelekee ngome uwe pale saa 3 asubuhi wanapofungua. Baada ya masaa mawili rudi stesheni ile ile, chukua laini ya Tanimachi ya zambarau mpaka Shitennoji-mae Yuhigaoka, uone hekalu la Shitennoji. Kutoka hapo tembea kwa miguu kama dakika 20 mpaka Shinsekai, kula mchana. Saa 9 alasiri panda laini ya Sakaisuji kutoka Ebisucho kituo kimoja tu mpaka Nippombashi, hapo soko la Kuromon liko jirani. Jua likianza kuzama tembea dakika chache uingie mtaa wa Dotonbori na ubaki hapo mpaka uchoke.

Ukiangalia ramani utaona ni mduara, unamalizia pale pale ulipoacha mizigo.

11. Nasikia ngome yenyewe ni ya zege, kuna haja ya kulipa?

Ni kweli mnara ni wa zege, umejengwa 1931 kwa michango ya wakazi wa mji, na ndani una lifti. Watu wengine wanakasirika wakiijua hiyo. Mimi naona hapo ndo pana hadithi yenyewe. Toyotomi Hideyoshi alianza kujenga 1583, mtu aliyetoka familia ya chini kabisa akaishia kutawala Japani nzima. Mwaka 1615 akina Tokugawa wakaiteketeza pamoja na mwanawe, wakafukia kuta zake na kujenga upya juu yake, mnara wao nao ukapigwa na radi 1665 ukaungua na haukurudishwa kwa zaidi ya miaka 260. Mpaka raia wa kawaida wakachanga. Na huo mnara wa raia ukapita katika mabomu ya vita vya pili ukabaki umesimama, kwa hiyo kwangu ni jengo la kihistoria kwa haki yake.

Kitu cha kale kweli ni kuta na mahandaki ya maji, za miaka ya 1620. Pita lango la Sakura uangalie jiwe linaloitwa Tako-ishi, jiwe la pweza, moja tu lina uzito wa zaidi ya tani 100 na walilileta kwa mashua na mikono ya watu. Kwenye mawe mengine utaona alama zimechongwa, ni za watawala wa mikoa waliolazimishwa kuleta mawe, kila mmoja aliweka alama yake ili mawe yake yasichanganywe na ya mwingine. Hayo yote ni bure. Ukiwa na hela chache usipande mnara na wala hutakuwa umekosa kitu kikubwa.

12. Shitennoji ina nini cha tofauti na mahekalu ya Kyoto?

Umri. Lilianzishwa mwaka 593 na mwana mfalme Shotoku, ni kati ya mahekalu ya mwanzo kabisa ya Kibudha Japani. Majengo yameungua na kujengwa tena mara nyingi ila mpangilio ni ule ule, lango, pagoda, ukumbi, vyote kwenye mstari mmoja. Uwanja wa nje bure, ndani kiingilio kidogo. Mafundi walioletwa kutoka Korea kulijenga ndo inasemekana walianzisha kampuni ya ujenzi ya Kongo Gumi mwaka 578, iliyojiendesha yenyewe mpaka 2006.

Tarehe 21 na 22 za kila mwezi uwanja unageuka mnada wa mitumba: kimono za zamani, vyombo, saa mbovu, sanamu. Kimono nzuri ya mtumba unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Kama tarehe yako ya kuja inaweza kusogea, isogeze ije hapo.

13. Dotonbori saa ngapi, na kuna nini zaidi ya lile bango la mkimbiaji?

Kuanzia saa 12 jioni. Mchana ni mtaa tu wenye mabango makubwa na umati, usiku ndo mji wenyewe. Lile bango la Glico, kampuni ya peremende, la mwanamume anayemaliza mbio liliwekwa mara ya kwanza 1935, la sasa ni la sita, la taa za LED, tangu 2014, na wanazima saa 6 usiku. Watu wanapigia picha darajani Ebisubashi, ila shuka chini kwenye njia ya pembeni ya mfereji, mwanga unavunjika juu ya maji na huko hamkanyagani. Mfereji wenyewe mtu anaitwa Yasui Doton alianza kuuchimba 1612, ndo jina lilikotoka.

Alafu ukishachoka kelele, ingia kichochoro cha Hozenji, dakika mbili tu kutoka pale. Mawe chini, taa za karatasi, na sanamu ya Fudo, mlinzi wa Kibudha, iliyofunikwa na kuvumwani ya kijani mwili mzima kwa sababu watu wanaimwagia maji kila siku wakiomba. Hapo hapaniishi hamu. Nimeenda mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya mji huu na kila mara nakaa kimya kidogo.

14. Shinsekai ni salama? Nimesoma ni mtaa mbaya.

Mchana na jioni hauna shida yoyote. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, ulijengwa 1912 kuwa mtaa wa kisasa wenye mnara wake, mnara wa kwanza ukaungua 1943 na huu wa sasa, Tsutenkaku, ulisimama 1956, mita 108. Aliyeuchora, Naito Tachu, ndo alichora na Tokyo Tower. Juu kuna sanamu ya Billiken, watu wanamsugua nyayo kutafuta bahati mpaka zimetengeneza mashimo. Utaona wazee wanacheza shogi, chesi ya Kijapani, walevi wachache mchana kweupe, hawana ugomvi na wewe.

Pa kuwa makini zaidi ni Dotonbori usiku, wapiga debe wanaokukaribisha baa. Usimfuate yeyote, hata akiongea Kiingereza kizuri kiasi gani.

15. Nataka kuona mji kutoka juu, ghorofa gani?

Abeno Harukas ni mita 300, iko Tennoji, inaungana vizuri na mpangilio wa swali la 10 kama ukitaka kuiweka kati ya hekalu na Shinsekai. Umeda Sky ni fupi zaidi, mita 173, ya 1993, lakini juu uko nje kabisa upepo unakupiga na eskaleta zinapita hewani kati ya minara miwili. Mimi nachagua Umeda Sky wakati wa machweo. Ila iko kaskazini, kwa hiyo ukiichukua, Kuromon iondoke.

## Kula

16. Nile nini ambacho lazima?

Takoyaki. Ni vitumbua vya mviringo, ndani kuna kipande cha pweza, na nikisema vitumbua nina maana kabisa, chuma chenye mashimo na fundi anayegeuza kwa kijiti, mtu wa Zanzibar akiona anacheka kwa furaha. Vilianzia hapa hapa Osaka mwaka 1935. Vinane ni kama yeni 600 hadi 1,000. Ndani ni uji wa moto, usitumbukize kizima mdomoni, toboa kwanza kitoe mvuke. Na pweza mwingi anayeliwa huku ananunuliwa Mauritania na Morocco, yaani anavuka dunia ndo afike kwenye kile kitumbua.

Okonomiyaki ni chapati nzito ya kabichi na mayai inayopikwa kwenye bamba mbele yako. Kushikatsu ni vijiti vya nyama, samaki na mboga vilivyokaangwa, ndo chakula cha Shinsekai, na sheria yake ya zamani: ukichovya kwenye sosi ya pamoja unachovya mara moja tu, ukishang'ata hairudi. Siku hizi sehemu nyingi wameweka chupa ya kumimina, ila ukikuta bakuli heshimu. Ukihisi mafuta yamezidi kula kitsune udon, tambi nene kwenye supu nyepesi na kipande kitamu cha tofu (ya soya) juu.

17. Mimi Muislamu, nitakula nini?

Hili nalichukulia kwa uzito manake watu wanapewa majibu mepesi. Okonomiyaki ya kawaida ina nguruwe, ukiomba ya kamba au ngisi bado bamba ni lile lile. Kushikatsu sehemu nyingine mafuta yana ya nguruwe. Takoyaki ni pweza, unga, yai na mchuzi wa samaki, inaonekana salama lakini sosi na viungo vingine vinaweza kuwa na kitu, na mirin, ile ya kutia utamu kwenye supu nyingi mpaka udon, ina kilevi.

Njia ya uhakika ni mahoteli yenye cheti cha halali, Namba yapo, yakiwemo ya rameni (tambi za supu), na ya Wapakistani na Wahindi pia yapo. Tafuta kwenye ramani siku hiyo hiyo na usome maoni ya karibuni, manake yanafungwa na kufunguliwa. Maneno mawili ya kushika: buta ni nguruwe, na butaniku nashi de maana yake bila nyama ya nguruwe. Kiwango unachokubali wewe na nafsi yako unakijua mwenyewe, mimi nakueleza tu kilichomo.

18. Kuromon wanasema ni ghali siku hizi, niende?

Wanasema kweli. Soko lina urefu wa kama mita 580, zamani lilikuwa la wapishi wa mji, sasa vibanda vingi vya mbele vinalenga watalii na kaa mmoja anaweza kuwa na bei ya kukushtua. Pita uangalie samaki na matunda, nunua kitu kimoja kidogo, chakula chenyewe kakile pengine. Fika kabla ya saa 11 jioni, wanafunga.

19. Bakshishi?

Usitoe. Watakukimbiza barabarani kukurudishia.

## Mambo mengine yanayojirudia

20. Niko na watoto wadogo, au mama yangu magoti yanamuuma.

Badili mpango wote. Asubuhi nenda Kaiyukan, jumba la samaki lililofunguliwa 1990, stesheni ya Osakako. Tenki kubwa lina kina cha mita 9 na ndani anazunguka papa potwe, yule yule anayeonekana Mafia, ila huku mtoto anamuona akiwa amesimama kavu. Unashuka taratibu kwa mteremko, kigari cha mtoto kinapita. Nje kuna gurudumu kubwa la kupanda. Jioni Dotonbori saa moja tu, inatosha. Stesheni nyingi zina lifti lakini imefichwa kona ya mbali, fuata alama toka mwanzo usisubiri kufika kwenye ngazi.

21. Ikinyesha?

Mji umefunikwa. Mtaa wa maduka wa Shinsaibashi una paa, na Tenjinbashi-suji, wenye paa pia, una urefu wa kilomita 2.6, mrefu kuliko yote Japani. Mwisho wake wa kaskazini, ghorofa ya 8, kuna jumba la makumbusho ya nyumba, wamejenga mtaa mzima wa Osaka ya kale ndani ya jengo. Jumanne wanafunga.

22. Vyoo na sehemu ya kuswali?

Vyoo ni bure, visafi, kila stesheni, na vingi vina bomba la maji ndani, hili waliolelewa pwani watalishukuru kuliko watalii wote. Swala ni ngumu kidogo, eapoti kuna vyumba vya kuswalia, mjini ni vichache. Wengi tunaswali kona tulivu ya bustani ya ngome. Kibla ni magharibi ukielekea kaskazini kidogo.

23. Nikiwa mweusi watanishangaa?

Watakuangalia, hasa watoto na wazee. Osaka wengi wanageuza kuangalia kuwa mazungumzo: unatoka wapi, Tanzania, aah Kilimanjaro, kahawa. Kuna na siku mtu atahama kiti pembeni yako, na inauma, sitakudanganya kwamba haitokei. Polisi wanaweza kukuomba kitambulisho na sheria inakutaka mgeni utembee na pasi yako ya kusafiria, usiiache hotelini. Kwa jumla wageni wangu wanaondoka na kumbukumbu za watu wema kuliko za wabaya, na mimi pia.

24. Kijapani sijui kabisa, na simu yangu je?

Sema sumimasen (samahani) kuanzia mazungumzo, na ukipewa kitu sema ookini, ndo asante ya Osaka, uone uso utakavyofunguka. Programu ya kutafsiri kwa kamera inatosha kwa menyu. Plagi zetu za pini tatu haziingii, nunua adapta ya pini mbili bapa, umeme ni volti 100. Nunua eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) kabla ya kuruka.

25. Mbona ndoo za takataka hazipo? Na kuvuta sigara?

Beba mfuko wako, tupa konbini uliponunua au hotelini. Sigara barabarani ni marufuku mji mzima tangu Januari 2025, kuna vibanda maalumu.

26. Naweza kuweka na Kyoto siku hiyo hiyo?

Treni ya haraka ya JR ni nusu saa tu na chini ya yeni 600, kwa hiyo kuwezekana kunawezekana. Mimi nakuomba usifanye. Kama huwezi kujizuia, asubuhi na mapema Kyoto, saa 9 alasiri urudi, Dotonbori usiku, na mengine yote uyaache.

27. Nimekosa treni ya mwisho, nifanyeje?

Treni zinakatika kama saa 6 usiku na zinaanza tena saa 11 alfajiri. Kati ya hapo kuna hoteli za vibanda, zile unalala kama ndani ya droo, ya kwanza duniani ilifunguliwa hapa Umeda mwaka 1979. Ziko nyingi Namba, safi, na zina bafu. Ukiona baa imeandika inafunga 25:00 usidhani wamekosea, ni saa 7 usiku, wanahesabu siku yao inaendelea.

28. Kuna anayeongea Kiswahili huko?

Wapo. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili mpaka digrii, kwenye kitivo cha lugha za kigeni. Kampasi iko Minoh, na ile ile laini nyekundu ya Midosuji inakufikisha, panda treni iliyoandikwa Minoh-kayano kutoka Namba, kama nusu saa, ushuke Minoh-semba Handai-mae. Vijana wa Kijapani pale wanakusalimia shikamoo na wanasubiri uitikie.